Nenda Kariakoo mara mbili, ya kwanza usinunue mzigo

*"Shikamoo mama. Nina duka dogo la nguo za watoto Mwanga, hapahapa Kigoma. Mwezi wa saba nataka kwenda Dar na mama yangu wa Ujiji. Ana miaka 67, hajawahi kufika, na kila siku anasema atakufa hajaona mji mkuu wala bahari. Tutakaa siku tano, Alhamisi mpaka Jumatatu. Nimepanga siku mbili za mwanzo nimalize kununua mzigo Kariakoo, zilizobaki nimtembeze. Ila watu wananichanganya. Mmoja anasema Kariakoo iliungua, hakuna kitu. Mwingine anasema bila winga nitaibiwa. Mwingine anasema Dar hakuna cha kuona, ni joto na foleni tu, bora hizo pesa nimnunulie mama godoro. Na magoti yanamsumbua. Je, mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja, au nimpe sababu abaki?"*

Marahaba, mwanangu. Usimpe sababu yoyote, mchukue. Nimekuwa wakala wa safari hapa Kigoma kwa miaka mingi, nimewapeleka Dar wafanyabiashara na nimewapeleka wazee, na wateja walionishukuru kwa muda mrefu zaidi ni wale waliokwenda na mama zao. Biashara na matembezi vinaweza kwenda pamoja bila shida. Kilichoniogopesha kwenye barua yako ni sentensi moja tu, ile ya kumaliza kununua siku mbili za mwanzo. Nitaifikia.

Tuanze na mama. Anaposema "mji mkuu" akimaanisha Dar, wajukuu wasimcheke. Wajerumani walihamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na mama yako amezaliwa na kukua Dar ikiwa ndiyo mji mkuu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ilitungwa mwaka 2018. Kwa hiyo kisheria mji mkuu ni Dodoma, nanyi mtaupita njiani, mwonyeshe dirishani. Lakini mji anaoudai mama ni ule wenye bandari na bahari, na huo bado uko palepale.

Sasa hili la Kariakoo kuungua. Aliyekuambia hakusema uongo, amechanganya vitu viwili. Kilichoungua tarehe 10 Julai 2021 ni jengo la Soko Kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya sabini, lenye paa la miavuli ya zege iliyobuniwa kukusanya maji ya mvua. Baada ya moto ukafuata ukarabati mkubwa. Lakini Kariakoo unayoitaka wewe haimo ndani ya lile jengo. Ni mitaa: Kongo, Msimbazi, Aggrey, Narung'ombe, Sikukuu, Nyamwezi, Swahili, Livingstone na mingine mingi, maghorofa kwa maghorofa, na kila ghorofa lina maduka mpaka kwenye ngazi. Soko Kuu tangu zamani ni la vyakula na mazao zaidi. Nguo za watoto hukuwa unazifuata humo.

(Mtaa wa Livingstone mwonyeshe mama. Mtu wa Ujiji aliyekulia karibu na ule mwembe wa Livingstone na Stanley atafurahi kuona jina hilo juu ya maduka ya Kariakoo.)

Nije kwenye mpango wako. Umeupanga kwa hofu ya kukosa, kwamba pesa ikikaa mfukoni itapotea kwenye soda na bajaji, kwa hiyo ununue haraka. Naielewa hofu hiyo, nilikuwa nayo. Safari yangu ya kwanza kabisa, kabla sijawa wakala, nilifika asubuhi na kufikia saa saba mchana nilikuwa nimekwisha kununua dazeni tisa za mashati ya watoto kwenye duka la kwanza lililonichekea. Siku tatu zilizofuata nilikuwa mlinzi wa viroba. Sikuona bahari, sikwenda mbali, maana chumba cha gesti kilikuwa na kitasa cha kusukuma kwa bega tu kikafunguka. Siku ya pili nikapita mtaa wa nyuma, mashati yaleyale, bei chini. Na nilipofungua mzigo nyumbani, dazeni mbili zote zilikuwa saizi moja, ya mtoto wa miaka miwili, na kwenye mashati kadhaa mkono wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Yule mwuzaji sikumlaumu sana. Alinifungulia dazeni moja ya juu, nikaridhika nayo, hizo nyingine sikuomba kuziona.

Ili ujue kwa nini nasema uende mara mbili, lazima ujue bei ya Kariakoo inavyotengenezwa. Watu husema "bei ya Kariakoo" kana kwamba ni moja. Hakuna kitu hicho. Yuko mwenye kontena, anayeleta mzigo mwenyewe, mara nyingi kutoka China au Uturuki. Huyu anataka mtaji urudi upesi akaagize tena, kwa hiyo anauza kwa faida ndogo kwa kila kipande lakini hataki kukuuzia kipande kimoja. Anataka uchukue dazeni nyingi. Mara nyingi hayuko barazani. Yuko ghorofa ya pili, ya tatu, au kwenye stoo nyuma ya uchochoro, maana kodi ya fremu ya chini inayotazama barabara kubwa ni ya kutisha. Chini yake yuko anayenunua kwake na kuuza kwa dazeni au nusu dazeni. Chini ya huyo ni machinga aliyetandaza barabarani, anauza moja moja. Gauni lilelile linaweza kuwa na bei tatu ndani ya hatua mia mbili, na hakuna aliyekuibia; kila mmoja amelipia nafasi yake kwenye ngazi. Anayefika mara ya kwanza anakutana na ngazi ya chini kwanza kwa sababu ndiyo iliyo machoni. Ili upande juu unahitaji muda, na muda huo ni ile siku ya kwanza usiyonunua mzigo.

Kwa hiyo Alhamisi, mama akiwa amepumzisha miguu, wewe toka saa mbili asubuhi, nenda na daftari dogo na nauli. Pesa ya mzigo iache kwenye simu au benki. Anza Mtaa wa Kongo, uliza nguo za watoto za jumla ziko wapi, panda ngazi. Kila duka uliza maswali matatu: dazeni bei gani, dazeni moja ina saizi ngapi, na nikichukua dazeni tano bei inashuka mpaka wapi. Andika jina la duka, ghorofa, bei. Usiogope kuonekana hununui, wamezoea. Halafu, na hili ndilo watu hawalifanyi, kwenye maduka manne au matano yaliyokuvutia nunua kipande kimoja kimoja kwa bei ya rejareja. Itakuuma kidogo, lipa tu.

Jioni hiyo, gesti, omba ndoo. Loweka kila kipande peke yake kwa sabuni ya unga, sugua kama anavyosugua mama wa Mwanga mwenye watoto wanne, kamua, anika dirishani. Asubuhi utayajua yote. Lile gauni jekundu lenye kola nyeupe litakuwa na kola ya waridi. Ile fulana itakuwa imepanda juu ya kitovu. Vuta lastiki ya kaptura mara kumi uone kama inarudi. Vuta zipu. Mteja wako wa Kigoma atakurudishia nguo iliyochuja rangi, na wewe huwezi kuirudisha Dar kilomita zaidi ya elfu moja. Vipande vitano vya majaribio ni nafuu kuliko dazeni moja ya kilio.

Kisha Kariakoo iache mpaka Jumatatu. Jumapili maduka mengi ya jumla hufunga, na Ijumaa mchana wengi wanafunga kwa ajili ya sala, kwa hiyo hata kalenda inakusukuma huko. Jumatatu asubuhi unakwenda moja kwa moja kwenye maduka mawili au matatu uliyokwisha kuyachagua, unalipa, unafunga, unasafirisha siku hiyohiyo. Hulindi kiroba hata usiku mmoja.

Kuhusu winga. Watu wanawaweka katika makundi mawili, malaika au wezi, na wote wanakosea. Winga ni kijana asiye na duka anayejua maduka. Anakupeleka, anakubebea maneno, na riziki yake inatoka kwenye cha juu: duka linamtajia bei yake, yeye anakutajia nyingine. Tuseme duka linauza dazeni 84,000, winga anakuambia 96,000. Hiyo 12,000 ni yake. Kwa dazeni moja ni malipo ya haki kwa mtu aliyekuokoa saa mbili za kuzunguka. Kwa dazeni kumi ni laki moja na ishirini, na hapo umelipa mshahara wa kuonyeshwa mlango. Mtu anayenunua vitu vingi vya aina tofauti kwa siku moja, mgeni kabisa, winga anayejulikana kwa ndugu au mteja mwenzake anamfaa. Wewe unatafuta bidhaa ya aina moja na una siku ya kuzunguka. Huna haja naye. Ukikubali mmoja, mwambie kabla ya kuanza utamlipa kiasi gani mkononi, na bei uisikie mwenyewe kutoka kinywani mwa mwenye duka. Atakayekataa sharti hilo amekwisha kujieleza.

Usimkabidhi mtu pesa "akuletee mzigo kutoka stoo". Usinunue simu ya bei rahisi inayoonyeshwa kwenye kiganja uchochoroni. Ukifika nyumbani inageuka kipande cha sabuni kilichofungwa vizuri. Mkoba weka mbele. Likikupata la kukupata, Kituo cha Polisi Msimbazi kiko hapohapo Kariakoo, nenda ukaripoti siku hiyo, hasa kama simu yenye pesa imechukuliwa, na upigie kampuni yako ya simu wafunge laini kabla hujafanya kingine.

Malipo fanya kwa lipa namba, na jina likitokea kwenye simu lisome kabla ya kuweka namba ya siri; liwe la duka, lisiwe la kijana aliyesimama mlangoni. Dai risiti ya mashine, ile ya EFD, na toa TIN yako, namba ya mlipakodi, iandikwe. Wengine watakuambia "bila risiti nakupunguzia". Usikubali. Sheria inambana asiyetoa risiti, na mnunuzi asiyeidai inambana pia, na mzigo ukisimamishwa njiani bila karatasi atakayelala nao ni wewe. Tena risiti ndiyo gharama yako siku TRA wanapokukadiria. Kama hujawahi kukaa nao ukaelewa makadirio ya duka lako, pita ofisi yao ya hapa Kigoma kabla ya safari. Jambo hilo mimi siwezi kukumalizia kwa barua, wanahitaji kuona daftari zako.

Jingine ambalo hukuuliza. Si kila kitu cha Kariakoo kinalipa kikifika Kigoma. Nauli ya mzigo inahesabu ujazo na uzito, haihesabu thamani. Nguo za watoto ni nyepesi, zinakunjika, zinalipa. Ndoo, mabeseni na viti vya plastiki unasafirisha hewa. Na usishawishike na vitenge hata kama umeona rangi hujawahi kuiona. Watu wa Dar wanatuma watu huku kwetu kuvifuata, vinaingia kutoka Kongo na Burundi. Mtu wa Kigoma kubeba vitenge kutoka Kariakoo ni kama kubeba dagaa kutoka Feri, soko la samaki la Dar. Afadhali ushuke nazo doti chache za hapa kwetu, kuna wenye maduka watakuuliza bei.

Haya, tumtembeze mama. Aliyesema Dar hakuna cha kuona ameishi Dar kwa kuisikia kwenye foleni.

Ijumaa asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, chukueni bajaji mpaka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mtanzania analipa kiingilio kidogo, si kile cha wageni. Ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lakini mimi nakuhakikishia mama hatasimama sana kwenye fuvu. Atasimama kwenye magari ya viongozi wa zamani. Wazee wote husimama hapo. Wanaanza kukumbuka siku Mwalimu alipopita Kigoma, nani alivaa nini, na wewe utajifunza mambo ya ukoo wako usiyoyajua. Kuna mahali pa kukaa kivulini. Usimharakishe.

Kutoka hapo si mbali na Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Wengi hupita wakidhani ni pambo la njiapanda. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Na jina Kariakoo linatoka kwenye vita hivyohivyo: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliokuwa na kambi pale, vinywa vya watu vikaligeuza. Kwa hiyo pale utakaponunulia kaptura za watoto palijaa wanaume waliobebeshwa mizigo ya vita, na wengi hawakurudi makwao. Mwambie mama na hili: mwaka huohuo wa 1927 ndipo meli yetu Liemba ilipoanza tena kazi ziwani, baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe 1916 na Waingereza kuiibua. Atakuwa na la kusimulia akirudi Ujiji.

Mkishuka kuelekea maji mtaona Kanisa la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, yote ya enzi za Wajerumani, na bandari mbele. Hapo bajaji iwasubiri. Magoti ya mama yanatosha kwa saa mbili, si zaidi. Mnunulie dafu, mrudi mkalale.

Jumamosi nendeni Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kituo chenyewe kinaitwa Makumbusho. Kilianzishwa miaka ya sitini. Kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo na nyingine, unaingia ndani, unakaa kwenye kigoda. Mwishoni mwa wiki huwa na ngoma. Ni padogo, tambarare, pana miti. Kwa mtu wa magoti ni pazuri kuliko ufukwe wowote. Jirani kidogo ni Mwenge, kwa wachonga vinyago vya mpingo. Kama una bajeti ya zawadi moja ya nyumbani, ni hapo, ila subiri bei ya pili na ya tatu. Maduka makubwa yenye viyoyozi kama Mlimani City yako upande huohuo. Mama akitaka kuyaona mpeleke nusu saa, msinunue kitu.

Jumapili ndiyo ya bahari, na hapa nitakaa kidogo maana watu wa ziwani tunakosea. Sisi tumezoea maji yasiyohama. Ziwa Tanganyika hulikuti asubuhi limekwenda zake. Bahari inakwenda zake. Inajaa kwa saa kama sita, inakupwa kwa saa kama sita, na kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika hamsini kwa sababu zinafuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu pale Dar. Katikati yake ni maji mafu, mabadiliko madogo. Mtu akimpeleka mama yake Coco Beach wakati wa kupwa kwa bamvua anamwonyesha mawe, mwani na matope, na mama anarudi akisema bahari ni uongo. Asubuhi mkiwa Feri waulizeni wavuvi, "leo maji yanajaa saa ngapi?" Watakujibu bila kuangalia chochote. Mpangie jioni kwa jibu hilo.

Feri ni soko la samaki la Kivukoni, fikeni saa moja asubuhi mnada ukiwa moto. Mama wa Ujiji anayemjua mgebuka kwa kumgusa tu shingo atakuwa na maoni juu ya changu, jodari, kolekole, ngisi na pweza, na atayasema kwa sauti. Sakafu inateleza, avae viatu vya mpira, umshike mkono. Halafu pandeni pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Ni dakika chache tu, nauli ndogo, na mji wote unaonekana kutoka majini. Wenyeji wanaona ni usafiri wa kwenda kazini, lakini kwa mgeni hakuna tembezi la bei hiyo lenye kuonyesha mengi hivyo. Bibi mmoja wa Uvinza niliyempeleka alichovya kidole, akalamba, akaguna: "Kumbe kweli. Kama ya kwetu, ila hii imeachwa haikuchemshwa." Alikuwa amefanya kazi ya chumvi ujana wake wote.

Jioni piteni Daraja la Tanzanite, lile lililojengwa juu ya bahari na kufunguliwa mwaka 2022, mtokee Coco Beach. Mihogo ya kukaanga, pilipili, mishkaki, watoto wakipiga mbizi. Mama atie miguu majini, asiingie zaidi ya magoti, mawimbi yanavuta. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viache safari hii. Si kwamba mama ataogopa boti, mtu wa Ujiji haogopi boti, bali kupanda na kushuka majini kwa magoti yale ni kujitafutia.

Mwezi wa saba una Sabasaba pia, maonyesho ya Barabara ya Kilwa yanayofunguliwa mwisho wa Juni na kuendelea mpaka karibu katikati ya Julai. Mkikutana nayo, nendeni siku ya kawaida badala ya Jumamosi, msiende tarehe 7 yenyewe, na usitegemee kununua mzigo wa duka pale.

Jumatatu, kabla hujaingia Kariakoo kulipa, mpitishe mama Mtaa wa Uhuru kwenye khanga. Achague doti yake mwenyewe. Usimchagulie rangi, atasoma jina kwanza, atatafakari ni nani Ujiji anapaswa kulisoma, ndipo ataangalia rangi. Jipangie nusu saa ya hilo na usiulize maswali. Kisha arudi chumbani, wewe nenda kazini.

Kuhusu kulala, usichukue gesti katikati ya Kariakoo kwa sababu ni karibu na maduka. Ni kelele usiku kucha na vyumba vya bei nafuu viko juu bila lifti. Magomeni au Ilala, chumba cha chini. Mwendokasi ya Barabara ya Morogoro inapita Magomeni, na kuna inayoishia Gerezani, Kariakoo. Mama asipande mwendokasi saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Njia ya kufika. Ndege ni nzuri kwa magoti na mbaya kwa mtaji. Basi moja kwa moja ni refu mno kwa miaka 67. Treni yetu ya Reli ya Kati inachelewa, sitakuficha, na ratiba ni ya siku maalumu, ila ukipata behewa la kulala mama ananyoosha miguu njia nzima, anasimama, anatembea, ananunua asali Tabora na kuku Saranda. Njia ya tatu ni basi mpaka Dodoma, mlale usiku mmoja, asubuhi mpande SGR, treni ya umeme ya reli mpya. Kwa mzee wa magoti mimi huchagua treni kwenda, na kurudi kwa SGR na basi. Mzigo usiuweke hesabu ya SGR. Treni ile ina kikomo cha mizigo ya abiria, na viroba vyako vitaachwa.

Kabla ya yote mpeleke mama hospitali, wiki mbili kabla. Kukaa saa nyingi miguu ikining'inia kunavimbisha miguu ya mtu yeyote, lakini kwa mzee mwenye presha, sukari au aliyewahi kuganda damu mguuni ni jambo la daktari, si la wakala wa safari. Aulize dawa zake azinywe vipi njiani na kama magoti yanahitaji kitu. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Njiani mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au akikosa pumzi, mshuke kituo kinachofuata chenye hospitali, safari itasubiri.

Mzigo ukishaulipa, usiondoke dukani kabla hamjafungua kila dazeni na kuhesabu, saizi kwa saizi. Shoneni viroba kwa uzi, andika jina lako, simu na "KIGOMA – MWANGA" pande mbili kwa kalamu isiyofutika, na weka karatasi yenye maelezo hayohayo ndani, maana kiroba huchanika pale palipoandikwa. Piga picha. Peleka mwenyewe mpaka ofisi ya basi au lori, upewe stakabadhi yenye idadi ya viroba. Na ukifika huku, hata kama mvua inanyesha na kijana wa stendi anakuharakisha, hesabu kwanza kabla ya kuweka sahihi.

Nikutajie na gharama ya kwanza kabisa: daftari la kurasa 48 na sabuni ya unga ya kipimo kidogo. Vinunue hapa Mwanga, ni rahisi.